Kompyuta Uliyoiunganisha Mwenyewe Ikikataa Kuwaka: Anzia Ukutani



Somo la mwezi huu limetokana na simu niliyopigiwa Jumamosi moja jioni, mwezi wa kwanza, baridi ikiwa imebana kabisa hapa Ohio. Aliyepiga ni baba mmoja wa familia ninazozihudumia, mtu wa Fizi kama mimi. Siku hiyo hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Alisema tu, "Binti yangu, njoo uone. Huyu mtoto ameunguza pesa."

Mtoto mwenyewe ni msichana wa miaka 19 anayesoma chuo, kozi ya kuchora ramani za majengo. Kazi hiyo inataka kompyuta yenye nguvu, na za dukani zilikuwa ghali mno. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa yeye na baba yake walinunua vipande kimoja kimoja: kasha la mitumba, pawa saplai iliyokwisha kutumika, prosesa na ubao mkuu vya bei ya punguzo. Baba anafanya kazi ya usiku ghalani. Kila kipande kilikuwa na jasho lake. Jumamosi ile msichana alimaliza kuviunganisha, familia yote ikakaa kutazama, akabonyeza kitufe. Kimya. Hata feni haikutikisika.

Nilipofika, nilimkuta amekaa sakafuni kati ya maboksi. "Dada, nimeiua," akaniambia.

Hakuwa ameiua. Kompyuta ile inafanya kazi mpaka leo, na hatukununua hata skrubu moja. Familia imeniruhusu nisimulie jinsi tulivyofanya, kwa sababu najua kuna nyumba nyingine ambako kompyuta imewekwa chini ya kitanda na watu wameacha kuizungumzia.

Kanuni ya fundi redio

Mimi si fundi wa kuajiriwa. Nilijifunza kufungua kompyuta nikiwa mwanafunzi, kwa kuwa sikuwa na pesa ya kumlipa fundi. Lakini namna ya kutafuta tatizo niliiona kabla ya hapo, nikiwa mtoto katika kambi ya Nyarugusu, nikiwatazama mafundi redio. Fundi mbaya alishika bisibisi mara tu redio ilipowekwa mezani. Fundi mzuri aliuliza kwanza: betri umeziweka lini? Ilianguka? Mara ya mwisho ilisema nini? Mara nyingi aliirudisha redio ikiimba bila kuifungua.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Shikeni mambo matatu:

1. Anzia ukutani, kisha ingia ndani polepole. Usianze na kipande cha bei kubwa.
2. Badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata ikiwaka hutajua kilichoiponya.
3. Andika kwenye karatasi ulichofanya na ulichokiona. Kesho utasahau.

Baada ya hapo, tatizo lolote la kuwaka huingia katika moja ya maswali matatu: Je, inapata umeme? Je, inaonyesha picha? Je, inapata mfumo wa kuanzia? Yajibu kwa mpangilio huo. Kompyuta ya msichana wetu ilitupitisha kwenye yote matatu usiku mmoja.

Kabla ya kugusa ndani

Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa huwa na umeme kidogo kwenye ubao wake. Usichomeke wala usichomoe kipande chochote cha ndani katika hali hiyo.

Usiifungue pawa saplai, yaani lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani. Ndani yake kuna vihifadhi umeme vinavyoweza kukupiga hata baada ya kuchomoa waya. Ikiharibika, hubadilishwa nzima.

Jambo la tatu ni la nchi za baridi. Wakati wa baridi, hewa ya ndani ya nyumba yenye hita huwa kavu sana. Umewahi kutembea juu ya zulia, ukashika kitasa cha mlango na kushtuka? Cheche hiyo ndogo kwako ni mzaha, lakini inaweza kuharibu ramu au prosesa. Fanya kazi mezani, si kwenye zulia. Vua sweta la sufi. Kila baada ya muda mfupi gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha.

La nne ni kwa wenye watoto. Kwenye ubao mkuu kuna betri ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032. Ukiitoa, usiiweke mezani. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake kwa ndani katika muda wa saa chache. Ukishuku tu kwamba amemeza, mpeleke hospitali, sehemu ya dharura, saa hiyo hiyo. Usingoje aumwe.

Swali la kwanza: Je, inapata umeme?

Dalili: unabonyeza na hakuna chochote. Hakuna taa, hakuna feni.

Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Soketi nyingine katika nyumba za Marekani huwashwa na swichi ya ukutani iliyo karibu na mlango, na mgeni hajui. Kama unatumia ekstensheni, iache na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani.

Sasa tazama nyuma ya pawa saplai. Kuna swichi yenye alama mbili: I ni kuwashwa, O ni kuzimwa. Watu wengi wamelipia fundi kwa sababu ya O.

Hapo ndipo tulipopata jibu letu la kwanza, ingawa halikuwa O. Pawa saplai za zamani, na baadhi ya zile za bei nafuu, zina swichi nyingine ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye namba 115 na 230. Ya kwetu ilikuwa kwenye 230. Nikauliza nani ameigusa. Mjomba wa msichana akainua mkono. "Mimi. Niliona iko 115 nikasema hapana, umeme ni mia mbili na kitu."

Alikuwa sahihi kwa kule tulikotoka. Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, umeme wa nyumbani ni kati ya volti 220 na 240. Hapa Marekani ni volti 120. Pawa saplai iliyowekwa 230 ikipewa 120 hukosa nguvu ya kuanza, basi. Haiungui. Tulichomoa waya, tukasogeza swichi kwa ncha ya bisibisi mpaka 115, tukarudisha waya. Feni zikazunguka, na watoto wadogo wakapiga makofi.

Lakini sikilizeni upande wa pili, kwa sababu huo ndio wa hatari. Ukituma kompyuta nyumbani na swichi hiyo ikabaki 115, siku itakayochomekwa kwenye umeme wa 220 au 240 itapasuka na kutoa moshi. Kama pawa saplai haina swichi hiyo, soma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ikiwa imeandikwa 100-240V, hujirekebisha yenyewe.

Kama umeme wa nje uko sawa na bado kimya, fungua kasha uangalie mambo mawili. Kwanza, waya mpana wenye pini 24 unaoingia kwenye ubao mkuu: je, umeingia mpaka kikamata chake kikabana? Pili, nyaya nyembamba za kitufe cha kuwashia. Huchomekwa kwenye pini ndogo pembeni mwa ubao, na kitabu cha ubao huonyesha ni zipi. Ukishuku kwamba kitufe chenyewe kimekufa, chukua waya wa kitufe cha kuanzisha upya, ulioandikwa RESET SW, uchomeke mahali pa ule wa POWER SW. Bonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Ikiwaka, tatizo lilikuwa kitufe tu.

Swali la pili: Je, inaonyesha picha?

Dalili: feni zinazunguka, taa zinawaka, lakini skrini ni nyeusi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo makosa madogo ni mengi zaidi.

*Waya wa skrini.* Kama umeweka kadi ya picha, waya wa skrini lazima uchomekwe kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la ubao mkuu lililo juu yake. Prosesa nyingine hazina uwezo wa picha kabisa. Kwa mfano, zile za Intel ambazo namba yake inaishia na herufi F haziwezi kutoa picha bila kadi. Hakikisha pia skrini yenyewe imewashwa na imechaguliwa tundu sahihi.

*Umeme wa prosesa.* Mbali na ule waya wa pini 24, kuna wa pili wenye pini 4 au 8, unaoingia kwenye kona ya juu ya ubao karibu na prosesa. Ukiusahau, feni zitazunguka vizuri na kompyuta haitafanya lolote. Kadi kubwa za picha nazo huhitaji waya wao wa umeme.

*Ramu.* Vijiti vya ramu huhitaji kubanwa kwa nguvu kuliko mtu mpya anavyothubutu. Chomoa umeme, fungua kikamata, toa kijiti, linganisha kile kipengele chake na tundu, kisha bonyeza ncha zote mbili mpaka usikie "ta!" Kama ubao una nafasi nne na una vijiti viwili, kwa kawaida huwekwa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka upande wa prosesa. Bado nyeusi? Jaribu na kijiti kimoja tu, kisha kingine.

*Taa za ubao.* Baadhi ya mbao za siku hizi zina taa nne ndogo zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kompyuta inapoanza huzipitia moja moja. Inayobaki inawaka ndiyo inayokuonyesha palipo na shida: prosesa, ramu, kadi ya picha au diski. Yetu ilikwama kwenye DRAM. Nikamwambia msichana abonyeze ramu yeye mwenyewe. Alibonyeza kama anayegusa yai. "Ongeza," nikamwambia. "Nitaivunja, dada." "Hutaivunja. Imenyooka, nafasi ni yenyewe, sukuma." Ikalia "ta!", na safari hii skrini ikawa na maandishi.

*Uvumilivu.* Kompyuta mpya zinazotumia ramu ya aina ya DDR5, hasa zenye prosesa za AMD, huchukua dakika kadhaa zikiwashwa mara ya kwanza, skrini ikiwa nyeusi, kwa sababu zinajipima na ramu. Ukizima kila baada ya dakika moja, unairudisha mwanzo kila mara. Iwashe, kanywe chai, urudi baada ya dakika 15.

*Kurudisha mipangilio ya mwanzo.* Chomoa umeme, toa ile betri ya sarafu kwa dakika tano, irudishe, jaribu tena. Hii husaidia hasa kwa ubao uliotumiwa na mtu mwingine.

Kama hayo yote hayakusaidia, toa ubao mkuu kwenye kasha na uuweke juu ya boksi lake la karatasi. Acha prosesa na kipoozeo chake, kijiti kimoja cha ramu, pawa saplai, na kadi ya picha ikiwa prosesa haina picha yake. Washa. Ikifanya kazi nje na kukataa ndani, chunguza vile viguu vidogo vya shaba vinavyobeba ubao. Kiguu kimoja kikiwa mahali pasipo na tundu la skrubu, kinagusa mgongo wa ubao na kuuzuia kuwaka.

Ikiwaka kisha ikajizima

Ikizima baada ya sekunde chache, au ikiwaka na kuzima tena na tena, shuku joto. Kipoozeo kipya mara nyingi huja na karatasi ya nailoni chini yake. Wengi husahau kuibandua. Angalia pia kama skrubu zake zimebana sawasawa, kama kuna dawa ya kupitisha joto kati yake na prosesa, na kama waya wa feni yake uko kwenye pini zilizoandikwa CPU_FAN. Usiendelee kuiwasha mara kumi ukitumaini. Zima, fungua, tazama. Ukisikia harufu ya kuungua au ukiona moshi, chomoa ukutani mara moja na usijaribu tena.

Swali la tatu: Je, inapata mfumo wa kuanzia?

Dalili: picha ipo, lakini kuna maandishi meupe yanayosema hakuna kifaa cha kuanzia. Msichana alipoyaona alishika kichwa. Mimi nilifurahi. Maandishi hayo yana maana kwamba prosesa, ramu, ubao na kadi vyote vinafanya kazi. Imebaki diski.

Washa upya huku ukibonyeza kitufe cha Delete au F2 mara kwa mara. Utaingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya ubao. Tafuta orodha ya diski. Kama yako haipo, zima na ichomeke upya. Diski za zamani zina nyaya mbili, moja ya umeme na moja ya data, na zote ni lazima. Zile nyembamba kama ubani wa kutafuna hulala juu ya ubao na kufungwa kwa skrubu moja. Hakikisha imeingia mpaka mwisho.

Kama diski ipo kwenye orodha lakini kompyuta haianzi, huenda ni tupu. Diski mpya haina Windows mpaka uiweke. Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi na kompyuta nyingine inayofanya kazi ya kuitayarishia, kwa kupakua programu ya kusakinisha kutoka tovuti ya Microsoft. Kupakua ni bure, ila leseni hulipiwa. Asiye na pesa ya leseni anaweza kuweka Ubuntu, ambayo ni bure kabisa na inatosha kwa barua pepe, maombi ya kazi na masomo mengi. Sisi tulitumia kompyuta yangu ndogo, na ilipofika saa tano usiku Windows ilikuwa imekaa.

Kama tarehe na saa hurudi nyuma kila unapowasha, ile betri ya sarafu imekwisha. Tarehe ikiwa si sahihi, tovuti nyingi zitakataa kufunguka, nawe utadhani intaneti ni mbovu.

Mahali pa kusimama

Wakati mwingine kipande kimekufa kweli. Ndiyo maana msitupe risiti wala maboksi. Maduka mengi hutoa siku maalumu za kurudisha, na siku hizo huhesabiwa kuanzia siku ya kununua, si siku ya kuunganisha. Nunueni vipande vyote karibu karibu, muviunganishe mapema. Kwa vya mitumba, muombeni muuzaji avionyeshe vikiwaka kabla hamjatoa pesa.

Kompyuta ikikataa, msichukue namba yoyote ya simu inayojitokeza mtandaoni kwa jina la msaada. Matapeli hukaa hapo hapo. Ukiambiwa ulipe kwa kadi ya zawadi ya dukani, au umruhusu mtu usiyemjua aiongoze kompyuta yako kutoka mbali, kata simu. Leteni swali ofisini kwetu, au muulizeni mwalimu wa kompyuta chuoni.

Na kazi ya shule isingoje kompyuta ipone. Maktaba nyingi za umma zina kompyuta za bure. Msichana wetu alikuwa na kazi ya kuandika ya kukabidhi Jumapili. Nilimkumbusha kwamba maktaba ya jirani hufunguliwa mchana huo. Hakuihitaji, lakini kujua kwamba iko kulimtuliza mkono alipokuwa akishika ramu.

Nilipokuwa navaa koti, baba yake alimwambia, "Kesho unionyeshe hiyo swichi. Nataka kuijua mwenyewe." Mjomba akasema naye atakuwepo.

Zoezi la nyumbani

Fanyeni hili kompyuta ikiwa nzima, familia pamoja. Chukueni karatasi, mwandike:

1. Kompyuta yetu imechomekwa soketi ipi, na je, soketi hiyo huzimwa na swichi ya ukutani?
2. Pawa saplai ina swichi ya I na O? Ina ya 115 na 230? Kama haina, karatasi yake imeandikwa volti ngapi?
3. Waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha au kwenye ubao mkuu?
4. Risiti na vitabu vya vipande viko wapi?

Bandikeni karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati. Siku kompyuta itakapokataa kuwaka, mtaanzia hapo.